Nzi za Kufungua Mto

Kila Januari mnunuzi wetu wa Uskoti hututumia video ya siku ya kufungua mto. Humtumia tajiri wetu, mwenye karakana, naye huiweka kwenye grupu ya kazi, na sisi huacha uzi tukaitazama. Ni video fupi. Watu waliovaa makoti mazito wamesimama kando ya mto mpana, maji yake ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Mwanamume aliyevaa sketi anapuliza zumari yenye mfuko. Halafu mtu mmoja anasogea ukingoni na chupa ya wiski, anaimimina majini, watu wanapiga makofi, na wa kwanza anarusha mshipi wake. Kuanzia hapo msimu wa samoni umefunguliwa. Kabla ya siku hiyo, kwa miezi kadhaa, kumvua samaki huyo ni kosa.

Sisi tuko mtaa wa Majimbo, hapa Embu, kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyogeuzwa karakana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona samoni, hata wa mkebe. Lakini kile kitu kidogo kinachofungwa mwisho wa ule mshipi, tumekitengeneza sisi.

Watu wengi wa hapa mjini hawajui kama kazi hii ipo. Nikiwaambia natengeneza nzi, hunitazama vizuri usoni kuona kama nimeamka salama. Basi huwaeleza. Ndoano inabanwa kwenye vaisi ndogo mezani. Unaizungushia uzi mweusi, kisha uzi wa rangi ya fedha, kisha manyoya ya jogoo yanayosimama pande zote, kisha nywele za mnyama zilizotiwa rangi, njano au rangi ya chungwa, ndizo bawa. Unamaliza kwa kichwa cha uzi, unakipaka tone la vanishi, na ukimaliza umeshika kitu ambacho hakifanani na nzi yeyote wa Mungu. Za mwanzo wa msimu huwa kubwa na nzito, kwa sababu mto wa Januari kule ni baridi na umejaa, na samaki yuko chini kabisa.

Mara ya kwanza nilipoiona ile video, niliyekuwa nimekaa karibu naye alisema, "Sasa hiyo pombe yote wanapea mto, na vile kuna baridi?" Karakana nzima ilicheka. Mimi nilicheka, lakini moyoni sikuwaona wale Waskoti wajinga. Kanisani kwetu mbegu hubarikiwa kabla ya mvua ya Oktoba, kila mtu na mfuko wake wa mahindi na maharagwe, na hakuna anayejua kama mvua inasikiliza. Mtu akianza kitu asichoweza kukiamuru, lazima atafute la kufanya na mikono yake.

Aliyesema maneno hayo ndiye tuliyemwita Mwalimu. Aliacha shule darasa la sita, lakini hakuna aliyefunga nzi katika nyumba ile ambaye hakupitia mikononi mwake. Alitoka upande wa Kiritiri, akaja Embu akiwa msichana, akaikuta kazi hii, na hakuiacha. Mumewe alifariki, watoto wakasomeshwa na ndoano zile wakaenda zao, naye akabaki na meza yake karibu na dirisha, chupa yake ya chai, na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi kila siku ya Mungu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mengi ya hayo machache yalikuwa ya kunichokoza mimi, kwa sababu natoka Meru na nimeolewa huku. "Watu wa Meru hasira iko kwa vidole," alikuwa akisema nikikata uzi kwa kuuvuta sana. Sikumbishia. Hasira ninayo, na bado ninayo.

Miezi mitatu ya kwanza alizikata kazi zangu zote. Sisemi nyingi, nasema zote. Nilimaliza nzi, nikampelekea, akaitazama, akachukua wembe, akapitisha mara moja, manyoya yakaanguka mezani, akanirudishia ndoano tupu kwenye kifuniko cha mkebe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, nikalia kama mtoto, nikarudi nikafunga nyingine, akaikata. Mwezi wa nne aliiweka moja kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaitia kwenye sinia la nzuri, akaendelea na yake. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kuliko hicho.

Kitu alichokisisitiza kuliko vyote ni kichwa kidogo na tundu wazi. Ndoano ina tundu mbele, ambapo mvuvi hupitisha mshipi wake. Ukisongeza uzi mbele kupita kiasi, au tone la vanishi likawa kubwa, tundu linaziba. Kwa macho huoni tofauti kubwa. Lakini Mwalimu alitueleza kama aliyewahi kufika: mtu amesimama majini, barafu imeshika ukingoni, vidole vimekufa ganzi, ameingojea siku hii tangu mwaka uliopita, anatoa nzi yako mfukoni na mshipi haupiti. "Atakulaani na hakujui," alisema. "Na wewe uko hapa unakunywa chai, hujui ni kwa nini siku yako imeharibika."

Siku moja tajiri alirudi na habari aliyopewa na yule mnunuzi. Samoni akishaingia mtoni kutoka baharini, hali. Anapanda mto kwenda kutaga, na njia yote hali kitu. Kwa nini basi anadaka nzi? Hakuna anayejua. Wengine husema ni hasira, wengine kumbukumbu ya utoto wake. Kila mtu aliitazama nzi iliyokuwa kwenye vaisi yake. Mwalimu ndiye alisema, "Kumbe tunapikia mtu ameshiba." Kisha akaendelea kufunga, kwa uangalifu ule ule. Mimi nilisumbuliwa na jambo hilo siku nyingi. Nilidhani kazi yetu ni kudanganya njaa, kumbe hakuna njaa. Kuna samaki aliyechoka anayepita, na kitu kizuri kinachopita mbele yake, basi.

Baada ya Pasaka ya mwaka juzi nilifanywa mkaguzi. Aliyekuwa mkaguzi alihamia Nairobi, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipendekeza. Alikataa kazi hiyo kila alipopewa. Alisema yeye anapenda kufunga, hapendi kusoma makosa ya watu. Kwa hiyo sasa masinia yote yalikuja kwangu, na la kwake pia.

Utaratibu wa karakana ni mmoja na haubadiliki. Nzi mbaya inakatwa kwa wembe, ndoano inarudishwa kwa mwenyewe kwenye kifuniko cha mkebe, inawekwa mezani pake, wazi. Kila mtu anaona. Kifuniko kikija kwako mara nyingi, unahamishiwa chumba cha kupakia. Huko hufungi tena. Unapanga za wenzako kwenye visanduku. Si adhabu, tajiri husema. Sisi tunajua ni nini.

Tulianza oda ya kufungua mto mwishoni mwa Juni, kwa sababu lazima itoke Novemba. Julai, kwenye sinia la Mwalimu, niliona tundu limeziba. Nilidhani nimekosea sinia. Nilitazama tena: kile kichwa kidogo kilikuwa chake, hakuna mwingine anayeweza kukifunga hivyo, lakini kilikuwa kimesogea mbele na vanishi ilikuwa imejaa tunduni. Nikakuta nyingine. Nikakuta ya tatu.

Nilichukua wembe, nikauweka chini. Nilimwona Mwalimu mezani pake, kitambaa chake kimenyooka, anafunga huku akiimba chini chini wimbo wa kanisani. Mimi nimtembezee kifuniko cha mkebe mbele ya wasichana aliowafundisha? Nimkate yeye? Kwetu mtu hamrudishii mkubwa wake sahani aliyompakulia, hata kama chumvi imezidi. Nikachukua sindano, nikazibua matundu matatu, nikazipitisha nzi zake pamoja na nzuri.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na jambo likianza hivyo halikosi miguu. Agosti zilikuwa nyingi zaidi. Nilianza kubaki saa ya chakula. Wenzangu walipokwenda kwa mama wa githeri, mimi nilikaa na sinia lake, sindano mkononi, na zile ambazo sindano haikutosha niliufungua uzi na kukifunga kichwa upya. Nilijaribu kukifunga kama chake. Nakiri kwamba niliona fahari kidogo, kwa kuwa nilianza kufanana naye.

Dalili nyingine nilikuwa naziona. Alipindua chupa ya vanishi iliyokuwa kushoto kwake, akasema nani ameisogeza, hakuna aliyeisogeza. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita nusu ya maisha yake. Nilimwuliza macho yakoje, akaniambia yako sawa, yangu ndiyo niyachunge, mkaguzi. Nikajiambia ni uzee, au mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa wakati wowote, hana haraka. Nilijiambia akae tu hadi oda hii itoke. Kisha hadi Krismasi. Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nikiifundisha methali hiyo watoto wangu. Haikunijia kwamba inaweza kumhusu mtu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Novemba sanduku lilitoka. Uskoti hawakulalamika hata kidogo. Tajiri alileta soda na keki. Mwalimu alikunywa soda yake polepole, na nilipomtazama nilifurahi, kweli nilifurahi. Nilijiona mtoto mwema aliyembeba mama yake mgongoni avuke mto bila kujua kwamba amebebwa.

Januari video ikaja.

Tajiri alikuwa amenunua simu yenye kioo kikubwa, akaisimamisha kwenye meza ya Mwalimu, sisi tukajikusanya nyuma yake. Alikaa yeye mbele, karibu kabisa. Mpuliza zumari alikuwa katikati ya picha. Kushoto alitokea mzee mwenye chupa. Mwaka huo mzee yule alifanya kioja. Kabla ya kumimina, alitazama huku na huku, akajipigia funda moja kubwa, akafuta mdomo, ndipo akaupa mto sehemu yake. Kule walicheka, na sisi huku tukapasuka.

"Mnacheka nini?" Mwalimu akauliza.

"Si huyo mzee, Mwalimu! Amekunywa kwanza!"

"Mzee gani?"

Tukairudisha video nyuma. Mwalimu alikuwa ameielekezea macho wazi, hatua moja kutoka kwenye kioo. Mzee akaja, akanywa, akamimina. Msichana mmoja akacheka tena, kisha akajizuia.

"Mimi naona tu huyu wa filimbi," Mwalimu alisema. "Huyo mwingine mmemtoa wapi?"

Niliishika simu, nikaisogeza pole pole mbele yake kwenda kulia. Akageuza kichwa chote, kama kuku anayetafuta punje, hadi mzee alipokuja mahali anapoweza kumwona. Ndipo akatabasamu. "Aa, huyu. Kumbe ni mlevi." Hakuna aliyecheka. Mtoto wa jicho hali nusu ya picha namna hiyo, hata mimi nisiyesoma udaktari nilijua.

Ilinichukua majuma mawili kumshawishi, na mwishowe nilitumia hasira, kile kitu alichokuwa akinichekea. Nilimwambia kama hatakwenda kliniki ya macho nitamfungia mlango wa karakana. Akaniambia sina adabu. Akavaa kitambaa cha kwenda kanisani, tukaenda.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemwita cucu, yaani nyanya, na kumshika mkono hadi kwenye kiti. Alikuwa na fomu. "Cucu, hii shida ya kutoona vizuri ilianza lini?"

"Wiki mbili hivi," Mwalimu akajibu. "Tangu hawa wanionyeshe watu wa Ulaya wakimwaga pombe kwa mto."

Daktari akaandika wiki mbili. Kisha akampeleka kwenye mashine. Unaweka kidevu, unatazama mbele, na taa ndogo zinawaka hapa na pale, ukiiona unabonyeza. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza. Jicho la kulia alibonyeza, akanyamaza kidogo, akabonyeza. Jicho la kushoto nilisikia mashine ikifanya kazi yake muda mrefu, na kidole chake hakikubonyeza kitu. Alikaa ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri ianze.

Daktari alitukalisha wote wawili. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, na haianzii katikati, inaanza pembeni, kwa hiyo mtu hajui. Jicho moja linalisaidia lingine, na ubongo unajaza palipo tupu. La kushoto lilikuwa limekwenda karibu lote. La kulia limeliwa kando. Kuna dawa ya matone ya kulinda lililobaki, itatiwa kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

"Na hili lingine?" Mwalimu akauliza. "Dawa italirudisha?"

"Hapana, cucu. Ile imeenda hairudi." "Ungekuja hata miezi sita iliyopita tungekuta bado kuna kitu cha kuokoa kwa hilo la kushoto. Hukuona dalili yoyote? Hata kwa kazi yako?"

Mwalimu alicheka kidogo, bila ubishi, kama anayemweleza mtoto jambo la wazi.

"Daktari, kazi yangu yote ni macho. Nafunga kitu kidogo hivi. Kama macho ingekuwa inapotea, kazi ingesema. Huyu hapa ndiye mkaguzi wangu, uliza yeye. Nilimfunza mwenyewe, na hana huruma, ni mtu wa Meru. Mwaka huo wote hajanirudishia hata moja. Kila jioni nikifunga mlango najiambia, asante Mungu, macho bado iko."

Daktari alinitazama. Nilitamani anitukane, au simu ilie, au mtu abishe hodi. Nilimpenda Mwalimu kuliko shangazi zangu wa damu, na nilikuwa nimemwibia miezi sita kwa sindano.

"Zilikuwa zinaziba, Mwalimu," nikasema.

"Nini?"

"Matundu. Nilikuwa nazibua saa ya lunchi. Na vichwa, vingine nilikuwa narudia mimi."

"Zangu?"

"Zako."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

Aligeuza kichwa chote kunitafuta, kwa sababu nilikuwa nimekaa kushoto kwake, akanipata, akanitazama kwa jicho lililobaki. Niliona anahesabu miezi. Alirekebisha kitambaa chake, akamgeukia yule binti.

"Daktari," alisema, "futa hiyo wiki mbili. Andika Julai."

Daktari akafuta, akaandika.